Wazee wa Fidla wa Louisiana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa yeyote anayependa fidla, akakutana na muziki wa Wakajuni, pengine kwa bahati tu, akabaki na maswali. Majibu mengine ni marefu kwa kuwa jambo lenyewe lina mengi. Mengine yamekwisha kwa mistari miwili.

Wakajuni ni akina nani?

Ni watu wenye asili ya Kifaransa wanaoishi kusini mwa jimbo la Louisiana, Marekani. Kwenye ramani na majalada ya santuri jina lao huandikwa Cajun. Mababu zao walianza kuhamia Acadie, pwani ya mashariki ya Kanada ya leo, mwaka 1604. Mwaka 1755 Waingereza waliokuwa wameitwaa nchi hiyo wakaanza kuwafukuza. Nyumba zilitiwa moto, familia zikapakiwa melini na kutawanywa huku na huko. Zaidi ya watu 10,000 waliondolewa, na maelfu wakafia njiani au ugenini. Mwaka 1765 kundi lililoongozwa na Joseph Broussard, kwa jina la utani Beausoleil, lilifika Louisiana, ambayo wakati huo ilikuwa mikononi mwa Hispania. Mwaka 1785 meli 7 zikaleta wengine wapatao 1,600 kutoka Ufaransa.

Huko walioana na Wajerumani, Wahispania, Waayalandi na wenyeji wa asili wa Marekani. Ndiyo maana mpiga fidla wao maarufu kuliko wote anaitwa McGee, jina la Kiayalandi waziwazi, na lugha yake ni Kifaransa.

Kwani muziki wao si wa kodiani?

Ndivyo wengi tunavyoujua, lakini kodiani ni mgeni aliyekuja akakaa kwenye kiti cha mwenyeji. Kabla ya mwisho wa karne ya 19, dansi za nyumbani zilichezwa kwa fidla, mara nyingi fidla mbili. Familia ilihamishia samani uani, watoto wakalazwa chumba cha nyuma, wapigaji wakaketi pembeni na watu wakacheza hadi alfajiri. Nyimbo zilikuwa za kila namna: walzi, polka, mazurka, rili, kontradansi.

Kisha zikaja kodiani kutoka Ujerumani, za safu moja ya vitufe kumi. Zilikuwa imara, hazikuharibiwa kirahisi na joto wala unyevu, na juu ya yote zilikuwa na sauti kubwa. Enzi hizo hakuna kipaza sauti, ukumbi umejaa miguu inayokanyaga sakafu ya mbao, fidla ingesikika wapi? Basi kodiani ikashika wimbo na fidla ikawa ya kusindikiza.

Hasara yake haikuonekana mara moja. Kodiani ya vitufe kumi haina noti zote. Nyimbo nyingi za zamani zilizohitaji noti ambazo haikuwa nazo ziliachwa kupigwa, na mtu aliyezijua akizeeka bila mwanafunzi, zilikwenda naye. Walzi na tu-stepu, ambazo kodiani inaziweza vizuri, zikatawala. Kwa hiyo tunaposema wazee wa fidla walihifadhi muziki wa Kikajuni, tunamaanisha zaidi ya muziki uliokuwa ukisikika redioni. Vichwani mwao mlikuwa na tabaka zima la nyimbo zilizotangulia kodiani.

Fidla ya Kikajuni nitaitambuaje nikiisikia?

Sikiliza kwanza nyuzi mbili zikilia pamoja. Mpigaji hafuati uzi mmoja tu kama mtu anayeimba peke yake. Upinde wake hugusa uzi wa jirani karibu muda wote, na uzi huo mtupu unavuma chini ya wimbo bila kukoma. Vidole vinateleza kuingia kwenye noti, havitui juu yake moja kwa moja. Upinde nao unakata mapigo kwa namna ambayo hata mtu asiyejua kucheza ataanza kutikisa mguu.

La pili ni nyuzi kulegezwa. Kodiani nyingi za huko ziko katika C. Mpiga fidla badala ya kubadilisha vidole hulegeza nyuzi zote nne kwa toni moja nzima, kutoka G, D, A, E hadi F, C, G, D. Vidole vinacheza kama vilivyozoea kucheza D, sauti inatoka C, na zile nyuzi tupu zinazovuma zinaendelea kutumika. Fidla iliyolegezwa hivyo ina sauti nzito kidogo, yenye ukwaruzo mtamu.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa, ni fidla ya pili. Mmoja anapiga wimbo. Mwenzake anakaa kwenye nyuzi nene, anagonga mapigo kwa upinde na kujaza sauti za chini, mara nyingine anaufuata wimbo wenyewe oktavu moja chini. Asiyejua atadhani huyu wa pili ni msaidizi tu. Jaribu kumwondoa uone dansi inavyolegea.

Kwa nini kila habari ya muziki huu inahusu wazee? Vijana walikuwa wapi?

Walikuwa shuleni, wakiadhibiwa. Katiba ya Louisiana ya mwaka 1921 iliamuru masomo yote yafundishwe kwa Kiingereza. Watoto walioingia darasani wakijua Kifaransa peke yake walipigishwa magoti, walichapwa, au waliandikishwa mistari mamia ya kuahidi kwamba hawatasema Kifaransa uwanjani. Hadley Castille, mpiga fidla aliyezaliwa 1933, aliyageuza mateso hayo kuwa wimbo. Msomaji aliyewahi kuvalishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama shuleni hahitaji kuelezwa zaidi.

Watoto wale walipokua na kupata watoto wao, wengi waliamua wasiwarithishe Kifaransa, wasije wakaonja walichoonja wao. Muziki ulikwenda na lugha. Visima vya mafuta vililipa vizuri, redio ilileta nyimbo za kantri kutoka Nashville na baadaye roki, na fidla ya babu ikawa jambo la kuonea haya. Wakajuni wenyewe walikuwa na neno la dharau kwa muziki wao: chanky-chank. Kufikia miaka ya 1950 na 1960, aliyekuwa bado anapiga mazurka za zamani alikuwa ana mvi, na wasikilizaji wake wana mvi vilevile.

Dennis McGee ni nani, na mbona anatajwa kila mahali?

Kwa sababu aliishi miaka mingi na hakusahau. Alizaliwa 1893 karibu na Eunice, mji wa Louisiana, akafariki 1989 akiwa na miaka 96. Alijifunza fidla kwa watu waliozaliwa katika karne ya 19, na akaishi hadi kuwafundisha watu ambao leo bado wanapanda jukwaani. Mkono wake mmoja umeshika enzi za kabla ya kodiani na mwingine umeshika enzi zetu.

Kazi yake ya kula ilikuwa unyozi. Machi 1929 alikwenda New Orleans na shemeji yake Sady Courville, wakarekodi nyimbo za fidla mbili tupu, bila kodiani wala gitaa. Miongoni mwa rekodi zote za kibiashara za Wakajuni, hizo ndizo dirisha letu pana zaidi la kuiona dansi ya zamani. McGee anapiga wimbo kwa upinde mwepesi wenye mapambo mengi. Courville yuko chini, mkono umetulia, hapotezi pigo. Ukizisikiliza kwa mara ya kwanza zinaweza kukukera, maana zina mikwaruzo ya santuri na nyuzi zinalia kwa ukali. Zivumilie hadi ya tatu au ya nne.

Baadaye kipato kilipungua, mitindo ikabadilika, na Courville akawa mwenye duka la samani mjini Eunice. Hawakuacha kupiga. Katika miaka ya 1970, McGee akiwa anakaribia miaka 80, walirekodiwa tena, fidla mbili zilezile. Kilichowashangaza watafiti ni wingi wa nyimbo alizokuwa nazo kichwani, nyingine hakuna mtu mwingine aliyezijua, pamoja na namna kadhaa za kukaza nyuzi ambazo wapigaji wa kodiani hawakuwa na haja nazo.

Je, huu ni muziki wa Wazungu tu?

Hapana, na anayekuambia hivyo hajasikiliza vizuri. Mshirika mkubwa wa McGee alikuwa Amédé Ardoin, mpiga kodiani na mwimbaji, Mkrioli, yaani mtu mweusi wa Louisiana anayesema Kifaransa. Waliwahi kulima katika shamba la mtu mmoja kwa kugawana mavuno, na jioni wakapiga dansi pamoja. Kuanzia 1929 hadi 1934 walirekodi wote wawili, mweusi na mweupe, katika Marekani ya ubaguzi wa kisheria. Nyimbo za Ardoin bado ni msingi wa kila mpiga kodiani wa Kikajuni. Mwisho wake ulikuwa mbaya. Simulizi iliyoenea ni kwamba alipigwa vibaya baada ya binti wa Kizungu kumpa kitambaa afute jasho, na alifia katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Pineville mwaka 1942.

Upande wa fidla, Wakrioli walikuwa na Canray Fontenot, aliyezaliwa 1922 na kufariki 1995. Baba yake, Adam, alikuwa mpiga kodiani mwenye jina. Canray alipotaka fidla utotoni hakukuwa na fedha, akajitengenezea kwa sanduku la sigara, nyuzi akazichomoa kwenye wavu wa mlango wa kuzuia mbu, na kwenye upinde akafunga uzi wa kushonea. Ukimsikiliza utasikia buluzi ndani ya walzi. Sauti ya upinde wake ina uzito ambao wapigaji wengi wa Kizungu walijaribu kuuiga. Alipiga miaka mingi na Bois Sec Ardoin, ndugu wa Amédé wa kizazi kilichofuata. Mwaka 1966 walialikwa kwenye tamasha la muziki wa asili la Newport, na mwaka 1986 wote wawili walipewa tuzo ya taifa ya urithi wa sanaa, ambayo ni heshima ya juu kabisa kwa wasanii wa jadi nchini Marekani. Huko Lawtell nako walikuwepo ndugu wawili wa ukoo wa Carrière, Bébé kwenye fidla na Eraste kwenye kodiani.

Zydeco, muziki wa Wakrioli uliokuja kuwa maarufu baada ya Vita Kuu ya Pili, uliiacha fidla karibu kabisa. Kwa hiyo mzee wa fidla wa Kikrioli alikuwa adimu kuliko hata mwenzake wa Kikajuni.

Walikuwa wanaishi kwa muziki?

Wachache sana. McGee kinyozi, Courville muuza samani. Varise Conner wa Lake Arthur alifanya kazi ya kupasua mbao. Dewey Balfa aliendesha basi la shule, akauza bima, akawa na duka la samani. Dansi ilikuwa Jumamosi. Jumatatu kila mtu na kazi yake.

Ni nini kilichobadilisha mambo?

Tukitafuta tarehe moja, ni kiangazi cha 1964. Tamasha la muziki wa asili la Newport, kaskazini-mashariki mwa Marekani, lilikuwa limemtuma Ralph Rinzler kwenda Louisiana kutafuta wapigaji. Walikwenda Gladius Thibodeaux na kodiani, Louis Lejeune na fidla, na Dewey Balfa akaongezwa kushika gitaa ingawa yeye hasa alikuwa mtu wa fidla. Gazeti la huko kwao liliandika kwa kejeli, kana kwamba kupeleka muziki ule mbele ya watu ni kujiaibisha. Balfa alikuwa amezoea kumbi za watu mia mbili. Newport alikuta maelfu, na maelfu hao wakasimama wakishangilia.

Alirudi nyumbani amebadilika. Fikra aliyorudi nayo ilikuwa rahisi: kama wageni wanaona thamani ya kitu hiki, kwa nini wenyewe hatuioni? Kuanzia hapo hakunyamaza. Alizungukia kampuni ya santuri ya Floyd Soileau mjini Ville Platte hadi ndugu wa Balfa wakarekodiwa: yeye na Will kwenye fidla, Rodney kwenye gitaa. Aliingia madarasani na fidla yake, katika shule za jimbo lilelile lililowahi kuwachapa watoto kwa sababu ya Kifaransa. Mwaka 1979 Will na Rodney walikufa kwa ajali ya gari. Dewey aliendelea, na mwaka 1982 akawa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kupokea ile tuzo ya taifa. Alifariki 1992, na umri wake ulikuwa miaka 65 tu.

Tarehe ya pili ni 26 Machi 1974, mjini Lafayette. Shirika la jimbo la kuendeleza Kifaransa, lililoundwa 1968, liliandaa onyesho kubwa la muziki wa Kikajuni na Kikrioli. Waandaaji, akiwemo kijana Barry Jean Ancelet, walifanya uamuzi ambao mimi nauona wa busara sana: ukumbi uwe wa viti, na dansi isiwepo. Walitaka watu waliozoea kuupa muziki huu mgongo wakicheza wakae chini, wautazame usoni. Watu walijaa hadi nje. Onyesho hilo ndilo lililokua na kuwa tamasha linalofanyika Lafayette kila mwaka, Festivals Acadiens et Créoles.

Si wamesharekodiwa? Mzee anahitajika wa nini tena?

Rekodi zipo, na shukrani kwa waliozitunza. John na Alan Lomax walipita Louisiana mwaka 1934 wakirekodi kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Chuo kikuu cha Lafayette kina hifadhi kubwa ya sauti. Kampuni ya Arhoolie ya Chris Strachwitz ilirudisha sokoni santuri ambazo zingebaki kwa wakusanyaji tu.

Lakini fikiria santuri ile ilivyo. Upande mmoja ni kama dakika tatu, wakati dansini wimbo ulirefushwa kadiri miguu ilivyotaka, na kila mzunguko mpigaji aliugeuza kidogo. Penye kodiani, fidla imemezwa. Na fidla ya pili, ile niliyosema ndiyo uti wa mgongo, mara nyingi huisikii wala huwezi kuikisia. Halafu kuna upinde. Sikio linakuambia noti gani imepigwa, halikuambii upinde ulikuwa unakwenda juu au unashuka, ulitumika wote au inchi mbili za ncha, kiwiko kilitulia au kilizunguka. Watu wawili wanaweza kupiga noti zilezile za walzi moja, wa kwanza ukumbi ukasimama kucheza, wa pili watu wakaendelea kunywa bia zao.

Hayo yanaonekana tu ukikaa ubavuni mwa mtu. Na ubavuni mwa mzee kuna jambo jingine: kila wimbo una mwenyewe. Atakuambia huu ni wa fulani, aliupiga kwenye harusi ya fulani, mimi niliupata kwa mjomba, na yeye alikuwa akiugeuza hapa. Kwenye kasha la santuri hutakuta hayo.

Basi vijana walijifunza vipi hasa?

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Michael Doucet, aliyezaliwa 1951. Alikuwa amepanga kwenda kusomea mashairi ya Kiingereza chuo kikuu. Mwaka 1975 akapata ruzuku ya serikali kwa ajili ya kujifunza kwa mafundi wazee, mashairi akayaacha, akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba: kwa McGee, kwa Balfa, kwa Fontenot, kwa Conner na wengine. Mwaka huohuo likazaliwa kundi lake la BeauSoleil, kwa jina la yule kiongozi wa wahamiaji wa 1765. Kundi hilo limeshinda Grammy mara mbili.

Njia nyingine, isiyo na ruzuku, iko kilomita chache nje ya katikati ya mji wa Eunice. Marc Savoy, mtengenezaji wa kodiani, alifungua duka lake la ala mwaka 1966, na Jumamosi asubuhi duka hugeuka baraza. Wapigaji wanaketi duara, wazee ndani, wanaojifunza nyuma yao. Hakuna anayefundisha, hakuna karatasi ya noti. Kodiani hupigwa moja moja kwa zamu, na pembetatu ya chuma, ambayo zamani ilifuliwa kutokana na meno ya reki ya nyasi ya kukokotwa na farasi, iwe moja tu. Fidla zinaweza kuwa nyingi, mradi mgeni apige kwa sauti ya chini na masikio yawe wazi. Mwanafunzi anachukua anachoweza, wiki ijayo anarudi kuchukua kingine.

Watu huleta boudin ya kula, soseji ya wali. Msomaji wa pwani ajue mapema: ndani mna nyama ya nguruwe.

Kuna pia wiki ya mafunzo yenye jina la Dewey Balfa, iliyoanzishwa na binti yake Christine na wenzake. Watu hulala kambini, mchana wanajifunza, usiku wanapiga na kucheza.

Wazee wote walikuwa walinzi wa mambo ya kale?

La hasha. Luderin Darbone, aliyezaliwa 1913, alijifunza fidla kwa masomo ya posta, na mwaka 1933 yeye na Edwin Duhon wakaunda kundi la Hackberry Ramblers, wakichanganya nyimbo za Kikajuni na swingi ya Texas. Vijijini hakukuwa na umeme. Darbone alinunua vipaza sauti, akaegesha Ford yake nje ya ukumbi na kuiacha ikinguruma usiku kucha ili injini itoe umeme. Kwa vipaza sauti hivyo fidla ilipata tena nafasi iliyonyang'anywa na kodiani, na katika miaka ya 1930 na 1940 makundi ya nyuzi yalitamba. Harry Choates alitikisa Marekani mwaka 1946 kwa walzi ya fidla. Kodiani ilirudi kwa kishindo baada ya vita, mpiga kodiani Iry LeJeune akiwa mbele.

Darbone hakustaafu. Akiwa na miaka 80 na kitu, kundi lake liliteuliwa kuwania Grammy, na mwaka 1999 walipanda jukwaa la Grand Ole Opry, onyesho maarufu la muziki wa kantri huko Nashville. Alifariki 2008. Ukimwita mhifadhi wa mila ni sawa, lakini ujue mila aliyoihifadhi aliianzisha mwenyewe akiwa kijana wa miaka 20, na wazee wa wakati ule huenda waliziba masikio.

Wanawake je?

Zamani dansini walikuwa wachache, kwa sababu ukumbi wa dansi haukuhesabiwa mahali pa mwanamke kufanyia kazi. Cléoma Breaux alishika gitaa katika rekodi ya kwanza ya Kikajuni, Aprili 1928. Nyumbani hali ilikuwa tofauti: nyimbo ndefu za hadithi zilihifadhiwa sana na akina mama na mabibi. Leo fidla imefunguka. Anya Burgess, kwa mfano, huipiga na pia huitengeneza kwa mikono yake.

Wazee wale bado wapo?

Kizazi cha McGee kimekwisha. Kizazi kilichofuata nacho kimekaribia kwisha. Milton Vanicor, aliyepiga fidla na Iry LeJeune, alifariki 2015 akiwa na zaidi ya miaka 90. Kilichotokea ni kwamba wanafunzi wamekuwa wazee. Doucet ana zaidi ya miaka 70, na sasa ndiye anayefuatwa. Nyuma yake wapo akina Joel Savoy, mtoto wa Marc, na Cedric Watson, Mkrioli aliyezaliwa Texas, aliyezichimbua nyimbo za fidla za Wakrioli na kuzirudisha jukwaani.

Tusijidanganye kwamba hatari ni uzee peke yake. Courtney Granger, mjukuu wa ukoo wa Balfa, mpiga fidla na mwimbaji ambaye wengi walimwona ndiye mrithi, alifariki Septemba 2021 akiwa na miaka 39.

Na lugha bado ni kidonda. Vijana wengi huimba Kifaransa wasichokisema nyumbani. Baadhi wameamua kujifunza ukubwani, na unasikia tofauti katika uimbaji wao mara moja, maneno yanapoanza kukaa mahali pake.

Inafanana na taarabu?

Kwa ala, kidogo: fidla na kodiani zipo kote kuwili. Kwa kazi, hapana. Fidla ya taarabu hujibu sauti ya mwimbaji na wasikilizaji wameketi. Ya Kikajuni inasukuma miguu. Panapofanana hasa ni kwenye kurithishana, mwanafunzi kukaa na fundi. Anayeijua Dhow Countries Music Academy ya Unguja, ambako vijana hufundishwa na wapigaji wa taarabu wenye umri, ataelewa haraka mambo ya Eunice.

Nikifika Louisiana niende wapi?

Jumamosi, Eunice. Anza asubuhi kwa Savoy. Ukipenda kelele zaidi, Mamou iko kaskazini, mwendo wa kilomita kama 16, na baa ya Fred's imekuwa ikirusha muziki redioni moja kwa moja Jumamosi asubuhi tangu 1962. Watu wanacheza walzi kabla ya saa nne asubuhi, glasi mkononi. Lafayette, zaidi ya kilomita 200 magharibi mwa New Orleans, ina tamasha mwezi Oktoba na kiingilio ni bure. Ratiba hubadilika, kwa hiyo piga simu kwanza. New Orleans yenyewe usiitegemee kwa muziki huu: huko ni nchi ya jazi.

Nina fidla nyumbani. Naanzaje?

Legeza nyuzi zote kwa toni moja na uziache hivyo siku kadhaa, kwa sababu zitakuwa zikihama mwanzoni. Chagua walzi moja ya Dewey Balfa, ya mwendo wa polepole, uisikilize mpaka uweze kuiimba kwa mdomo bila kushika ala. Usianze na McGee, vidole vitakukatisha tamaa.

Kisha, kinyume na wanavyofanya wengi, anza na fidla ya pili. Weka rekodi, kaa kwenye nyuzi mbili nene, piga pigo la kwanza la walzi kwa upinde mrefu na mawili yanayofuata kwa mfupi. Itakuchosha mkono kabla ya kukuchosha sikio, na hapo utajua kiwiko chako kinafanya kazi isiyo yake: kishushe, mwendo utoke kwenye kiganja. Ukiweza kuushika mwendo huo wimbo mzima bila kuharakisha, mtafute mwenye fidla nyingine, yeye apige wimbo, wewe ubaki hukohuko chini, kisha mbadilishane.